Nkejje wetu, watoto watawaonea wapi wakiwa hai?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niwasemee nkejje, samaki wetu wadogo wa Ziwa Victoria. Mimi ni mwalimu wa P5, yaani darasa la tano, hapa Katosi, Uganda, karibu kabisa na mwalo wa wavuvi, na wakati wa likizo nilienda Cape Town kumwona mdogo wangu anayefanya kazi huko, siku moja akanipeleka na binti yake kwenye akwariamu yao kubwa, Two Oceans Aquarium, iko pale Waterfront bandarini tangu 1995. Tangu nirudi sijatulia.

Papa wapo, kasa wapo, pengwini wapo, kuna na njia ya kioo unapita samaki wanaogelea juu ya kichwa chako, kila mtu simu juu anapiga picha. Lakini kilichonishika mimi ni tangi la mwani. Yaani ni msitu mzima, mwani wa rangi ya kahawia mrefu kuliko nyumba yangu, unayumba polepole vile migomba huyumba mvua ikikaribia, mwanga wa jua unaingia kutoka juu, alafu kuna mashine inayasukuma maji yasisimame maana mwani huo chakula chake unakinyonya kwa majani kutoka kwa maji yanayopita. Mtoto akabandika kiganja kwenye kioo akaniuliza, "Shangazi, hawa wametolewa mbali?" Nikamuuliza kijana wa pale, akasema maji yanavutwa hapo hapo baharini na mwani ndo ule ule unaoota nje ya mji. Nilinyamaza. Kumbe hawa watu wamejenga jumba lote hilo ili waone vizuri kitu kilicho mlangoni kwao.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 69,000 na karibu nusu yake ni ya Uganda, na watoto wangu darasani wanajua bei ya mputa (sangara), wanajua mukene, yaani dagaa, unavyoanikwa, wengine baba zao wanalala majini kila usiku. Nkejje wanamjua akiwa mkavu tu, amechomekwa kwenye kijiti, yule jaja (bibi) anamchemshia mtoto mwenye surua. Nilipowaambia nkejje dume akiwa hai anaweza kuwa wa bluu au mwekundu au wa njano, na ana madoa kama mayai kwenye pezi la chini, walidhani nawatania. Hawakujua kwamba mama anabeba mayai mdomoni, na hata yakishaanguliwa, hatari ikija anafungua mdomo vitoto vinarudi ndani. Na si nkejje mmoja, wanasayansi walihesabu aina zaidi ya 500, wengine wanavunja konokono, wengine wanakwangua mawe, kila mmoja na meno ya kazi yake.

Walikuwa 500. Mputa aliletwa ziwani miaka ya 1950, akaja kujaa kabisa miaka ya 1980, na inakadiriwa aina kama 200 za nkejje zimepotea. Simlaumu mputa peke yake, ada za wanafunzi wangu wengi zinatoka kwake. Kuna lingine na hili ndo linaniuma zaidi: nkejje jike anachagua dume kwa rangi, na sisi tumeyajaza maji udongo wa mashamba, mbolea na maji taka mpaka hayapitishi mwanga, jike haoni rangi tena, anachukua dume wa aina nyingine na aina mbili zinageuka kuwa moja. Hakuna aliyevua, hakuna aliyekula, wameisha tu. Na aina zingine za hawa nkejje leo ziko hai kwenye matangi ya Ulaya na Marekani kwa sababu kuna watu walizibeba mapema wakazizalisha.

Mimi naomba wanaohusika watujengee tangi kubwa, Entebbe au Jinja, la ziwa letu wenyewe. Papa hatuhitaji. Weka nkejje, weka ngege (tilapia), weka mmamba (kamongo) apande juu kuvuta hewa watoto waone samaki mwenye mapafu. Wataalamu tunao, Jinja wanatafiti samaki tangu 1947 na Kajjansi wanazalisha vifaranga vya samaki kila siku. Umeme najua utasumbua, basi sola ipangwe toka mwanzo, na kiingilio cha wanafunzi kiwe kile mzazi wa mwaloni anaweza kutoa.

Juzi mzazi mmoja mvuvi aliniletea nkejje wanne hai kwenye jerikeni, tukawaweka kwenye beseni la plastiki linaloonyesha ndani. Watoto walilala kifudifudi sakafuni, nkejje mmoja alikuwa na mgongo wa bluu inayong'aa kila akigeuka, hakuna aliyetaka kwenda kucheza. Asubuhi watatu walikuwa wanaelea, wa nne tukakimbia naye ziwani. Nadhani ni hewa. Kama kuna msomaji anayejua pampu ndogo inayofaa shule isiyo na umeme wa uhakika, na maji yabadilishwe kila baada ya siku ngapi, tafadhali aandike kupitia gazeti hili, beseni bado liko darasani na watoto wananiuliza kila Jumatatu.

Mwalimu wa P5,
Katosi, Mukono