Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Taa Zinazofuata Muziki

Ndugu wanachama,

Nawasilisha kwenu taarifa ya kazi iliyochukua sehemu kubwa ya mwaka wetu, yaani kuziwezesha taa za LED kufuata muziki kwa kutumia mikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja). Tulianza na bodi ya Arduino Uno, maikrofoni yenye kikuza sauti, na mkanda wa taa 300 aina ya WS2812B, ambao kila taa yake hupokea amri yake yenyewe ya rangi.

Katika majaribio ya mwanzo taa ziliwaka vizuri, ila zilichelewa: mkono wa mpiga ngoma ulikuwa umekwisha kuinuka ndipo mwanga ukafika. Tuliilaumu maikrofoni kwa majuma kadhaa, na nakiri kwamba hapo kamati ilipoteza muda, kwani tatizo lilikuwa katika hesabu. Kukusanya sampuli 256 za sauti, yaani vipimo vya papo kwa papo, kwa kasi ya takriban 9,600 kwa sekunde, huchukua milisekunde 27 hivi. Hufuata uchambuzi wa masafa (kutenganisha sauti nzito na nyembamba), kisha milisekunde 9 za kuzipelekea taa 300 amri zao, na muda huo wote wa mwisho bodi haisikii lolote. Kumbukumbu nayo ilibana mno, maana kati ya baiti 2,048 za bodi hiyo rangi za taa zilikula 900 na uchambuzi wa sauti 1,024, na ndiyo sababu programu ilikuwa ikiganda katikati ya wimbo.

Tukahamia ESP32, bodi yenye viini viwili vya kuchakata, kimoja kikisikiliza na kingine kikiendesha taa. Bodi hiyo hutoa ishara ya volti 3.3, ambayo mkanda wa volti 5 huweza kuisoma vibaya. Chipu ya 74AHCT125 tuliyoiweka katikati, inayopandisha ishara hiyo hadi volti 5, ilikomesha taa kumetameta ovyo.

Jambo ninalotaka lizingatiwe kuliko yote ni umeme. Taa moja ikiwaka nyeupe kwa mwanga kamili huweza kufikia miliampea 60, hivyo taa 300 zahitaji ampea 18. Tulipoulisha mkanda upande mmoja tu, taa za mwishoni ziligeuka manjano ya kuelekea wekundu. Sasa tunaulisha pande zote mbili, na programu ina kikomo cha mwanga. Nawasihi msikiondoe kikomo hicho kwa ajili ya kunogesha onyesho, kwa sababu waya mwembamba ukizidiwa hupata moto, na taa hizi tunazifunga ndani ya nyumba za watu.

Limebaki tatizo la kimya. Muziki ukikoma, mvumo wa feni ya ukumbini huendelea kuzichezesha taa. Kamati inapendekeza programu ipime kwanza kelele ya chumba kabla ya wimbo kuanza, na inaomba idhini ya mkutano huu kununua maikrofoni mbili za kidijitali kwa majaribio hayo.

Mwenyekiti