Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wajumbe wa Bodi na wazazi,
Wageni wetu kutoka Hamburg,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua majukumu uliyonayo, hivyo kufika kwako ni heshima kubwa kwetu. Tunayo ya kukueleza, na tunayo machache ya kukuomba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jiji la Dar es Salaam na jiji la Hamburg, Ujerumani, ni miji dada tangu mwaka 2010, na kwa njia hiyo sisi nasi tukapata shule rafiki. Tuseme ukweli, urafiki wa shule na shule mara nyingi huishia kwenye picha ya pamoja na maboksi ya vitabu vilivyokwisha tumika. Sisi na wenzetu tulikubaliana uwe urafiki wa kupima na kuulizana. Kila upande umefunga paneli ya sola ya ukubwa uleule, unaandika umeme unaopatikana, kisha tunabadilishana daftari.

Somo la kwanza tulilipata siku ileile ya kufunga. Mchoro uliotoka Hamburg ulielekeza paneli itazame kusini, tena isimame kwa mwinamo mkali. Fundi wetu aliutazama, akacheka, akaigeuza paneli ikatazama kaskazini na kuilaza karibu sawa na paa. Hakukosea. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la saa sita mchana hupita upande wetu wa kaskazini. Hamburg iko nyuzi 53 kaskazini. Huko jua halifiki utosini hata siku moja. Wengi wetu latitudo tulikuwa tukiikariri tu kwa ajili ya mtihani.

Kwa mwaka mzima, paneli ya hapa hutoa takriban mara moja na nusu ya ile ya Hamburg, na mwezi wa Desemba yao karibu inalala kabisa. Lakini yetu nayo ina kasoro: joto likizidi, nguvu yake hupungua, na vumbi la barabarani likitanda hupungua zaidi. Ndiyo maana tuna zamu ya kuifuta asubuhi kabla haijapata moto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna jambo jingine lililotugusa sisi wa Ilala, tunaoijua harufu ya dampo la Pugu Kinyamwezi upepo ukigeuka. Wenzetu walitutumia picha za kilima cha Georgswerder, chenye urefu wa mita 40 hivi. Kilima hicho ni taka. Dampo lile lilifungwa mwaka 1979, na mwaka 1983 ikagundulika kuwa sumu ya dioksini inavuja kutoka ndani yake. Ikabidi lifunikwe kwa gharama kubwa. Leo juu yake kuna mitambo ya upepo na paneli za sola, na gesi inayotoka kwenye taka hutumika katika kiwanda cha shaba kilicho jirani. Tulipowauliza kama wanajivunia kilima hicho, mmoja wao alijibu kuwa anaona aibu na fahari kwa pamoja. Sisi tuliwapeleka kwa njia ya video kwenye kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano wa majiji yetu haya mawili, ambako taka za masokoni hugeuzwa mbolea kabla hazijafika dampo.

Hawakuja kwetu kama walimu wasio na doa. Walitueleza kuwa kituo cha makaa ya mawe cha Moorburg kilianza kazi jijini kwao mwaka 2015 na kikazimwa mwaka 2021, na kwamba nchi yao bado inachoma makaa. Nao wakatuuliza: mna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115, mbona nyumbani mnapika kwa mkaa? Swali lilituuma kidogo. Mwenzetu wa Kidato cha Tatu aliwajibu kuwa mkaa mama yake anaununua kwa kopo, kulingana na hela iliyopatikana siku hiyo, ila kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6 kunataka fedha ya mkupuo. Tangu hapo wamekuwa wakitaka kujua bei za sokoni kwetu kuliko wanavyotaka kujua habari za mabwawa.

Na hapa ndipo penye changamoto yetu kubwa. Serikali ilielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Jiko la shule yetu bado linatumia kuni. Tunafundishwa nishati safi darasani, kisha tunakwenda kula makande ya moshi, na wapishi wetu macho yao ni mekundu kila siku. Wageni wetu wameliona jiko hilo, hatukulifunga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba yafuatayo. Utusaidie kupata majiko banifu au mfumo wa gesi kwa jiko la shule. Utusaidie kupata betri mpya, kwa kuwa ya sasa imechoka na hesabu zetu za usiku zimesimama. Na safari za kubadilishana wanafunzi zisiwe za upande mmoja: wenzetu wamekuja, sisi bado tunasubiri viza na nauli, ilhali kule nako wana paneli ambayo tungependa kuigusa.

Baada ya chakula, zamu ya leo itakuonyesha paneli na daftari la vipimo. Fundi naye yupo, maswali magumu muulize yeye.

Risala hii imeandaliwa na Klabu ya Mazingira na kusomwa na Katibu wa Klabu.

Tunaomba kuwasilisha.