Dola 200 za Wakaliga si hesabu kamili

Ndugu Mhariri,

Kila inapozungumzwa habari ya watengenezaji wetu wa filamu kukosa mtaji, hakosi mtu wa kutukumbusha Mganda Isaac Nabwana, ambaye filamu yake ya mapigano ya mwaka 2010, "Who Killed Captain Alex?", inasemekana iligharimu dola za Marekani zisizozidi 200. Yeye aliweza, tunaambiwa, ninyi mnalilia nini? Naomba nafasi nieleze kwa nini hesabu hiyo naiona pungufu, ingawa mwenyewe namheshimu sana.

Nabwana alikulia Wakaliga, kitongoji cha Kampala, na utotoni filamu alizijua kwa kusimuliwa na kaka zake waliotoka kuzitazama katika vibanda vya video. Alipokuwa mtu mzima alifyatua matofali kujipatia riziki, akaanzisha kampuni ya Ramon Film Productions, jina alilolipata kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, yaani nyanya zake, Rachel na Monica. Kompyuta za kuhariria aliziunda mwenyewe kwa vipuri vilivyokwisha kutumika, bunduki za maigizo zikaundwa na fundi Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu, na waigizaji wakawa majirani.

Je, ni nani kati ya watu hao aliyehesabiwa ndani ya zile dola 200? Waigizaji hawakuwa na mshahara. Walitegemea mgawo wa mauzo ya DVD ambazo walizitembeza wenyewe nyumba kwa nyumba, tena mbio mbio, kwa kuwa walikuwa na takriban wiki moja tu kabla maharamia hawajajaza mitaa nakala zao. Mimi ustadi wa Nabwana nauona hapo zaidi kuliko katika milipuko, kwa maana alimjua mnunuzi wake na akajua atamfikiaje. Lakini jasho lisilolipwa haliwi bure kwa sababu tu halikuandikwa daftarini.

Ipo pia hasara ambayo wanaomsifu kwa ubanaji matumizi hawaitaji. Nakala ya awali ya filamu hiyo haipo tena, kwa kuwa nafasi ya kuhifadhia katika kompyuta ilikuwa finyu na kazi nyingine zilikuwa zinasubiri. Dunia inachokitazama leo kwenye intaneti ni nakala iliyosalia, ikiwa na sauti ya VJ Emmie anayesimulia, kutania na kushangilia juu ya picha. (Sisi tuliokulia katika vibanda vya video, tukimsikiliza DJ akitafsiri filamu za Kihindi na za Kichina, hatuoni ajabu.) Miaka iliyofuata filamu yake nyingine ilioneshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2019, na mwaka 2022 kundi lake likaalikwa kwenye maonesho ya sanaa ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, lakini sifa zote hizo hazikuweza kuirudisha ile picha iliyofutwa.

Ombi langu kwa ukurasa wenu wa burudani ni kwamba mnapoandika filamu fulani imegharimu kiasi gani, mwandishi aulize pia ni siku ngapi zilitumika, ni nani aliyelipwa, na nakala yake ya awali imewekwa wapi.

Wako,
Mpenzi wa filamu,
Tanga.