Kabla ya mashine za kupoza watoto wachanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie rai inayosikika sana hapa Tanga, kwamba hospitali zetu zinunuliwe mashine za kupoza mwili wa mtoto aliyezaliwa amechoka, yaani aliyekosa hewa, ili ubongo wake usizidi kuharibika.

Tiba hiyo ni ya kweli. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa hadhuriki yote kwa mara moja; seli za ubongo hupata nafuu kwa saa kadhaa, kisha huanza kufa kwa awamu ya pili, na hapo ndipo ubaridi unaposaidia, kwa kupunguza mahitaji ya ubongo. Mtoto hushushwa hadi nyuzijoto 33.5 kabla hajatimiza saa 6, akabakizwa hapo kwa saa 72. Nchini Uingereza na Marekani tiba hiyo imewaepusha wengi na kifo na ulemavu. Hata hivyo, utafiti wa HELIX uliotangazwa mwaka 2021, uliohusisha watoto 408 katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, ulionyesha kwamba waliopozwa walikufa kwa asilimia 42, ilhali walioachwa na joto la kawaida walikufa kwa asilimia 31. Tena hizo zilikuwa hospitali kubwa zenye vyumba vya uangalizi maalumu, si zahanati za vijijini.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimewahi kushika barakoa ya ambu, ule mfuko wa kumsukumia mtoto hewa kwa mkono, iliyokakamaa kwa kuchemshwa mara kwa mara; ukimwekea mtoto usoni, hewa inatorokea shavuni na kifua hakinyanyuki. Mtoto huyo, tuseme amezaliwa kijijini Mkwaja, wilayani Pangani, hizo saa 6 zitamkuta wapi? Hapa hapa Tanzania, hospitali 8 zilipofundisha wakunga kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Sijui kwa nini habari hiyo haivutii wachangishaji kama mashine inavyowavutia.

Wanaopendekeza tuanze na vifuko vya barafu nawasihi waache kabisa, kwa sababu bila kipimo cha joto kinachosomwa mfululizo usiku kucha, mtoto hupoa kupita kiasi kabla mtu hajagundua.

Fedha zitakazochangwa zinunue kwanza ambu na barakoa mpya za saizi zote mbili, ya mtoto njiti na ya aliyetimiza miezi, kwa kila chumba cha kujifungulia, na mkunga wa zamu ya usiku apewe mazoezi ya kuzitumia kila mwezi.

Mkunga mstaafu,
Chumbageni, Tanga