Kazi ndogo zikiisha, fundi wa kesho atatoka wapi?

Bwana Mhariri,

Wengi hapa Lubumbashi wanasema akili bandia haiwezi kumgusa fundi wa kompyuta na fotokopi, kwa kuwa haina mikono ya kushika bisibisi. Mimi natengeneza mashine hizo, na naona imeshatugusa.

Chukua fotokopi inayotoa mstari mweusi toka juu hadi chini ya karatasi. Ukilaza karatasi juu ya kioo kikubwa, nakala inatoka safi; ukiipitisha kwenye trei ya juu, mstari unarudi. Mara nyingi ni chembe ya vumbi au tone la korekta, ule wino mweupe wa kufutia makosa, kwenye kile kioo chembamba cha pembeni, na kiangazi vumbi letu jekundu halikosi. Zamani mwenye kibanda karibu na chuo kikuu alituita. Sasa anaiuliza ChatGPT, programu ya akili bandia kwenye simu yake, anaambiwa afute kioo, anafuta, anaendelea na wateja wake. Jibu ni sahihi na simlaumu hata kidogo.

Lakini kazi hiyo ilikuwa ya mwanafunzi wa fundi. Kufuta vioo, kubadilisha raba ya kuvuta karatasi, kuweka Windows upya: humo ndimo kijana alimopata nauli na chakula, na humo ndimo mkono wake ulimozoea mashine kabla ya kugusa kazi zile za hatari. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, kapasita, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi ya pawa, huvimba, nyingine hupasuka. Hapo lazima ufungue, uhakikishe chaji imeisha, upime kwa mita, utoe mbovu na kuchomelea nzima. Simu itakueleza hatua zote. Hata hivyo, kapasita kubwa inaweza kukurusha hata plagi ikiwa imechomolewa, na hapo si mahali pa kijana kuanzia.

Naiomba INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kufundisha watu ufundi, iongeze saa za bodi, mita na kuchomelea. Ofisi za mjini nazo, mashine zenu zilizokufa msizirundike stoo. Wapeni vijana wazifungue. Akili bandia waitumie pia, maana kwa kutafsiri namba za hitilafu zinazotokea kwenye mashine ina faida kubwa.

Na sisi mafundi wenye karakana, tuanze kumlipa mwanafunzi kutoka kwenye kazi kubwa, hata kama bado anashika tochi tu.

Fundi wa mashine za ofisi,
Kamalondo, Lubumbashi