Bima ya punda iwafae wenye punda mmoja

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu kupanda kwa ada za bima ya wanyama imenigusa. Hapa Lamu punda ndiye lori letu. Vichochoro vya Mkomani na Langoni havipitiki kwa gari, na mfuko wa saruji hufika mlangoni mgongoni mwake. Mwezi uliopita punda wangu alijigaragaza usiku kucha, tumbo limefura kama ngoma. Alikuwa amekula plastiki jaani. Siku tisa sikupata hata shilingi.

Bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit mwaka 2010 hupima ukame wa malisho kwa setilaiti. Wafugaji wa kule inawafaa, lakini punda wa mjini hauawi na ukame.

Napendekeza wenye punda tujiunge, tukate bima moja ya kikundi, ili tuwe na nguvu ya kudai ada nafuu. Matibabu madogo, kama vidonda vya shogi (kapu la mizigo la mgongoni mwa punda), tujilipie wenyewe; bima ibaki kwa maradhi mazito na kifo. Nayo kaunti izungushie jaa ua, maana plastiki inayoliwa pale ndiyo inayotupandishia gharama.

Mwenye punda,
Langoni, Lamu