Jini wako na golem wa Prague

Salma shoga yangu,

Sura zako mbili za riwaya yako ya Zanzibar nimezisoma kwa mkupuo mmoja, na kwa kuwa umetaka nisikufiche, sikufichi: jini wako ana nguvu mno. Anapindua majahazi, anasoma nyoyo za watu, anaingia kasri la Sultani apendavyo. Sasa mwaka 1896 Waingereza walipolipiga mizinga kasri hilohilo, yeye alikuwa wapi? Msomaji atakuuliza.

Nenda kamtazame golem, jitu la udongo la Wayahudi. Katika Talmud, kitabu chao cha kale cha sheria na visa, kisa chake ni mistari michache tu: mwanachuoni Rava anaumba mtu, anampeleka kwa Rabi Zeira, mwanachuoni mwenzake, Zeira anamsemesha, mtu kimya. Basi anaambiwa arudi mavumbini kwake. Karne nyingi baadaye watu wakamhusisha na Maharal wa Prague, mwanachuoni wa kweli aliyefariki 1609, ambaye hata Kaisari Rudolf II alimwita wakazungumza. Katika vitabu vya Maharal mwenyewe golem hayumo.

Aliyemvisha golem kisa tunachokijua leo ni rabi mmoja wa Poland, Yudl Rosenberg. Mwaka 1909 alitoa kitabu akadai ni mswada wa kale ulioandikwa na mkwe wa Maharal, mume wa binti yake. Wapi! Kautunga mwenyewe. Wengine humwita mlaghai. Mimi namwona fundi. Miaka sita kabla yake Wayahudi walikuwa wameuawa Kishinev, mji wa Dola ya Urusi, na ule uzushi wa zamani, kwamba wanachinja watoto wa Kikristo wapate damu ya Pasaka yao, ulikuwa bado unazunguka. Kwa hiyo golem wake kampa kazi ya kuogofya na ya kawaida kwa pamoja: kulinda mitaa usiku, amnase anayeleta maiti ya mtoto kwa siri ili Wayahudi wasingiziwe.

Anaumbwa usiku kando ya mto Vltava, watu watatu wakimzunguka mara saba kwa zamu. Bubu. Akimnasa mhalifu hamnyongi. Anamkabidhi kwa wakubwa wa mji pamoja na mzigo wake. Uchawi wote ule, Salma, ili kesi ipate ushahidi! Kaisari yuko palepale kwenye kiti chake, na Wayahudi bado wako mtaani kwao. Hapo ndipo nilipomvulia kofia Rosenberg, maana hofu ya watu wake imebaki na uzito wake.

Na kachekesha pia. Mke wa rabi, Perl, anamtuma golem maji ya sikukuu. Hakuna aliyemwambia aache, kwa hiyo anateka na kumimina, anateka na kumimina, mpaka nyumba inafurika. Mwishoni wanamrudisha kuwa udongo na kumficha kwenye dari ya sinagogi, chini ya vitabu vya sala vilivyochakaa.

Kwa hiyo mpunguze jini wako. Majini wa Nabii Suleiman walijenga, walibeba, walipiga mbizi; walikuwa watumwa wenye kazi maalumu. Wako mpe kazi moja tu, tena ndogo: abebe barua kati ya kasri na Shangani, kwa mfano, na asiweze kusoma yaliyoandikwa humo. Halafu manuwari za Waingereza zitie nanga.

Yule bibi muuza halua usimguse hata kidogo. Sura ya tatu nitumie ukishamaliza, hata kama imejaa makosa. Mama anakusalimu.

Wako,
Mwanaidi